Sanduku la Tonton wa Bukavu

Kadutu, Bukavu, tarehe 10 Februari 1957

Yaya yangu Clémence,

Nakusalimia wewe uliyenitangulia kuzaliwa na ukanipiga makofi ya kwanza maishani mwangu. Msalimie shemeji Raphaël na wanafunzi wake wote, hata wale wanaoshika kitabu juu chini. Hapa Kadutu tuko. Mvua haijatupa nafasi tangu Noeli, matope yanaingia mpaka chini ya kitanda. Mama Rosalie wa jirani amepata mjukuu mwingine, anatembea barabarani utadhani yeye ndiye aliyezaa. Mimi ni mzima. Nina kikohozi kidogo tu, vumbi la mbao, ugonjwa wa maseremala wote.

Nimemkabidhi sanduku Cyprien, yule dereva wa lori. Ni la binti yangu Noëlla. Ndani utakuta gari na watu watatu wa mbao, kazi ya mikono yangu. Ngoja nikwambie yalivyoanza. Karakana yetu ya Bwana Gaston inatengeneza meza na makabati ya wazungu wa zile nyumba mpya zenye kona za mviringo. Vipande vinavyobaki tulikuwa tunavichoma kwenye moto wa kuyeyushia gundi. Siku moja nikakereza kimoja kikawa kichwa, kingine kikawa gurudumu, nikavipaka nyekundu, njano na buluu. Madame Constance alikuwa amekuja kuangalia viti vyake. Alipoviona akapiga kelele: "Mais c'est moderne!" Yaani ni vitu vya kisasa. Tangu siku hiyo sitengenezi viti tena, kila madamu anataka vyake. Na unajua wanavifanyia nini? Wanaviweka juu ya kabati, kando ya redio. Mtoto akinyoosha mkono anapigwa vidole. Eti ni vitu vya kutazama. Nikasema, wangu atacheza navyo.

Sasa neno lenyewe. Siku tuliyomzika mke wangu Adèle, wewe ulimbeba mtoto aliyekuwa ametoka tu kuzaliwa, tukakubaliana mbele ya watu wote kwamba akifika umri wa shule atarudi kwa baba yake. Septemba hii amefika. Masista hapa wanapokea wasichana. Nijibu upesi, yaya, nijipange.

Mdogo wako,
Adalbert


Bunyakiri, tarehe 28 Machi 1957

Mdogo wangu Adalbert,

Salamu zako tumezipata zikiwa zimelowa, maana Cyprien alilala njiani na lori lake kwenye matope mpaka chumvi ya watu ikayeyuka. Sisi wazima. Raphaël anakusalimia. Mama yake bado anaumwa magoti na bado anatuamuru sote. Mihogo imeota vizuri, maharagi yameliwa na wadudu. Hicho kikohozi chako, chemsha majani ya mikalitusi ujifukize, usinijibu kwamba wewe ni mwanaume.

Ndugu yangu, nina habari mbaya ya sanduku. Barabara imeharibu kazi yako yote. Tulipolifungua, gari lilikuwa limevunjika vipande vipande, vichwa huku, miguu kule, magurudumu yametoka. Noëlla alilia. Raphaël akasema, "Hii barabara iko ya shetani, inavunja hata muti!" Lakini usihuzunike. Jumamosi alichukua nyundo na misumari akatengeneza kila kitu. Watu amewapigilia juu ya gari, gari amelipigilia juu ya ubao, na kila gurudumu lina musumari wake. Sasa hata ng'ombe akilikanyaga halitoki. Noëlla amelifunga kwa kitenge mgongoni, analibembeleza. Ameniambia nikuandikie, "Aksanti sana tonton ya Bukavu."

Habari ya Septemba iko mbali. Tuone kwanza mvua.

Ubaki salama, na ule vizuri.
Yaya yako, Clémence


Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Aprili 1957

Yaya Clémence,

Nawasalimia wote, na kwa namna ya pekee namsalimia fundi Raphaël na nyundo yake. Barua yako niliwasomea wenzangu karakanani, tukacheka mpaka Bwana Gaston akaja kuuliza nani amekunywa. Mimi nilicheka mpaka nikashikwa na kikohozi, nikatoka nje kukaa.

Yaya, hakikuvunjika! Kimetengenezwa ili kitengane. Kila kipande kina tundu, kila kijiti kinaingia katika kila tundu, hakuna gundi wala musumari. Ndiyo akili yenyewe ya kitu hiki. Leo ni gari, kesho mtoto anakitawanya na kujenga nyumba, keshokutwa ng'ombe mwenye vichwa viwili akipenda. Nilitumia mwezi mzima kutafuta kipimo cha tundu lisilobana wala kulegea, na shemeji yangu amelijaza misumari. Kosa ni langu, sikueleza. Kwa hiyo Wazungu wanakiweka kabatini, ninyi mnakipigilia, na bado sijaona mtoto hata mmoja aliyecheza nacho. Nimemtumia sanduku jingine, kubwa zaidi. Tafadhali ficha nyundo.

Nimecheka, lakini kuna neno moja katika barua yako halikunichekesha. Tonton. Nani amemfundisha Noëlla kuniita tonton? Labda ulikosea kuandika, au mtoto amesikia kwa wengine. Mimi si mjomba wake. Niambie tu kwamba anajua.

Na juu ya Septemba hukunijibu. Mvua si jibu.

Adalbert


Bunyakiri, tarehe 30 Juni 1957

Mdogo wangu mpenzi,

Nisamehe kuchelewa. Daraja lilichukuliwa na maji, halafu tulikuwa na msiba kwa majirani, halafu kalamu. Raphaël ameona aibu, alitumia Jumapili nzima kung'oa misumari kwa koleo, na kila aliyepita njiani amemcheka. Sasa hapo shuleni wanamwita Papa Musumari.

Sanduku la pili limefika. Adalbert, ungemwona. Ameketi chini kwenye mkeka tangu asubuhi, ulimi nje, haombi chakula. Alijenga mtu akamwekea gurudumu mahali pa kichwa. Nikamwuliza, "Huyu muntu gani?" Akasema, "Kichwa yake inatembea yenyewe, mama, yeye iko anabaki nyumbani." Watoto wa mtaa wanajaa hapa, anawagawia vipande na kuwanyang'anya. Anafanana nawe, kila kitu anataka kukifungua aone ndani. Juzi alijenga nyumba yenye watu watatu mlangoni. Sikumwuliza ni akina nani.

Alipata surua mwezi wa tano, sasa amepona lakini bado mwepesi. Sidhani kama anaweza kuvumilia safari ndefu. Na Raphaël anaweza kumfundisha kusoma hapahapa, moniteur, mwalimu mwenyewe, anakaa nyumbani, kwa nini mtoto afuate masista mbali?

Cyprien anasema umekonda. Nimemwambia anaongopa. Anaongopa?

Clémence


Kadutu, Bukavu, tarehe 11 Agosti 1957

Yaya,

Pokeeni salamu. Huku kumekauka sasa, vumbi limechukua zamu ya matope. Mama Rosalie anakusalimia, ameuliza mara nyingi mtoto anakuja lini ili amsuke nywele siku ya kwanza.

Namshukuru Mungu kwa surua iliyopita. Lakini ukiandika kwamba ni mwepesi, mimi nasoma jambo jingine. Tangu mwezi wa nne nakuuliza maswali mawili, nawe unanijibu kwa madaraja na kalamu. Nami sitaki tugombane kwa karatasi, wewe ni mkubwa wangu, ulinilea mama alipokuwa shambani.

Kitanda chake kiko tayari. Nimekitengeneza kwa libuyu, ile mbao nyekundu, na kichwani nimeweka vijiti na matundu kama vya vipande vyake, aweze kujenga hata akiwa amelala. Chumba nimekipaka chokaa. Yaya, ninyi mko wawili, jioni mnazungumza. Mimi nikitoka kazini nafungua mlango, nasalimia kitanda kitupu. Miaka yote hii nimevumilia kwa sababu nilijua una maziwa ya jirani na mikono ya kike, mimi sikuwa na kitu. Sasa nina kitu.

Nitakuja mwenyewe Jumamosi ya kwanza ya Septemba, na lori la Cyprien. Mwandae.

Adalbert, baba wa Noëlla


Bunyakiri, tarehe 2 Oktoba 1957

Adalbert,

Sisi wazima. Shamba zuri, watu wazima, hakuna aliyekufa. Salamu zimekwisha.

Hukuja. Jumamosi ile nilifunga nguo za mtoto katika kitenge, nikazifungua, nikazifunga tena. Tuliposikia lori, nilimsukuma Noëlla nyuma ya nyumba, nikamwambia achunge kuku, na kuku tulikuwa tumeshamchinja mmoja kwa ajili yako. Cyprien akashuka peke yake, akasema hakukukuta mahali pa kupandia. Nilifurahi. Niliimba nikipika. Kisha wiki zikapita bila neno lako, na ile furaha sasa inanichoma.

Umekasirika? Umepata mwanamke? Kama ni hasira, basi sikia yote ukasirike mara moja. Noëlla hajui kwamba wewe ni baba yake. Sikumwambia. Alipoanza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa mama, aliniangalia mimi, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Akamwita Raphaël papa. Basi wewe, ndugu wa mama, ukawa tonton, sikufanya kitu ila kunyamaza. Wewe unajua mimba zangu zote zilivyotoka. Unajua nilivyotazamwa na wakwe. Siku ulipompa mikononi mwangu uliniambia, "Yaya, mutunze." Hukuniambia, mtunze lakini usimpende sana.

Kwetu shangazi naye anahesabiwa baba. Basi mimi ni baba na mama, na sitakuomba msamaha. Lakini sitaki unyamaze. Nitukane tu, ila andika.

Clémence


Bukavu, tarehe 9 Novemba 1957

Yaya Clémence,

Nakusalimia kwa mapenzi, na Raphaël, na mama yake mwenye magoti. Sijakasirika. Niliposoma barua yako nilisikia vibaya siku nzima, halafu nikaona kwamba hakuna mahali ulipodanganya. Mwanamke hakuna.

Tazama juu ya karatasi, sikuandika Kadutu. Niko hospitali ya wagonjwa wa kifua, kilimani. Ile wiki ya safari nilikuwa nimefunga mzigo wangu. Nilikuwa napiga msasa kipande cha mwisho, gurudumu la njano, nikakohoa, likabadilika rangi mkononi mwangu. Haikuwa vumbi, yaya. Ilikuwa damu, na haikuwa mara ya kwanza, tangu Paska ilikuwa inakuja na mimi nilikuwa naifuta. Daktari anasema pafu moja limekwisha na la pili linafuata. Wananichoma sindano. Wengine hapa wamepona, sikwambii uongo. Wengine tumewazika.

Kumbe nilikuwa namwita mtoto alale chumba kimoja na ugonjwa huu. Kama ungenitii ukamleta mapema, angekuwa kwangu kabla sijalazwa. Ukaidi wako ndio umemponya, sijui nikushukuru au nikulaumu.

Usimlete. Watoto hawaruhusiwi kuingia. Usimwambie kitu. Bwana Gaston alinitembelea akiwa amesimama mlangoni na kitambaa puani. Anasema vipande vyangu vinapendwa mpaka Usumbura, na sasa mtu mwingine anavikereza. Nilimwuliza kama anayapima matundu vizuri, akasema hajui.

Kitanda kiko kwa Mama Rosalie. Ningefurahi kama kingelaliwa na mjukuu wake kuliko kuliwa na mchwa.

Adalbert


Bunyakiri, tarehe 6 Desemba 1957

Adalbert mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa shambani, Raphaël amenikuta nimeketi juu ya matuta. Siwezi kuandika salamu.

Nimemwambia. Nilimketisha nikamwambia, "Tonton ya Bukavu njo papa yako, njo alikuzaa." Akaniuliza, "Na papa Raphaël?" Nikasema, "Naye papa." Akafikiri, akauliza kama na mama wako wawili. Nikamwambia wa kwanza alikufa. Akasema, "Basi wewe usikufe," akarudi kwenye vipande vyake. Mimi nililia, yeye hakulia.

Nakukatalia, kama nilivyokukatalia mambo yote. Tunakuja baada ya Noeli. Haruhusiwi kuingia, basi atasimama nje. Umwone.

Clémence


Bukavu, kilimani, tarehe 20 Januari 1958

Yaya yangu,

Natumaini mmefika Bunyakiri bila lori kuwalaza njiani, na kwamba miguu ya Noëlla imepona. Mwambie Raphaël nimeipokea asali, nawalambisha wenzangu wa chumba hiki, wanamwombea baraka. Hapa homa inapanda jioni na asubuhi inaniachia nguvu ya kuandika.

Nimewaza juu ya siku mliyokuja. Ninyi mlikuwa chini kwenye majani, mimi juu barazani na wagonjwa wengine. Gauni lake la kijani lilimpendeza. Nilikuona unamsemesha sikioni. Akasema kwa sauti, "Jambo papa." Wenzangu wote walinipongeza, mzee wa kitanda cha jirani alinipiga bega. Lakini mimi nilimwona. Kabla ya kusema alikutazama wewe, na baada ya kusema alikutazama tena, ajue kama amesema vizuri.

Kisha wale siafu. Wewe ulikuwa umekwenda mbali, hadi kwa masista, kuuliza dawa zangu. Yeye alikuwa anachezacheza chini ya ngazi, karibu nami kabisa. Alipoanza kupiga kelele na kurukaruka, nilisahau kila kitu. Nilisahau kifua, nilisahau amri ya daktari, nikateremka ngazi na mikono yangu imefunguka, nikimwita kwa jina lake. Yaya, alinipita. Nilikuwa karibu, ningeweza kumgusa nywele, na akanipita mbio, akaukata uwanja wote akilia, "Mama! Mama!" mpaka kwako. Ukapiga magoti ukaanza kumtoa siafu mmoja mmoja, na yeye akaficha uso shingoni mwako.

Mimi nilibaki nimesimama na mikono yangu. Muuguzi akaja kunigombeza, akanirudisha juu. Nililia sana siku ile, sitakuficha. Na humohumo nilimshukuru Mungu, kwa sababu angekuja kwangu ningemkumbatia, na kifua changu unakijua.

Sasa nisikilize, maana mara hii moja mimi ndiye ninayeamuru. Mtoto ni wako. Siku ile ya mazishi ya Adèle nilisema mbele ya watu kwamba atarudi kwangu. Leo nimemwita padri na wenzangu wa chumba, nikasema mbele yao kwamba harudi, na hakuna mtu wa ukoo wetu atakayekuja kumdai kwako nikiisha kuondoka. Usimfundishe tena kuniita papa. Asipolitaja neno hilo atalisahau, bado mdogo. Akiwa mkubwa na akiuliza, mwambie. Asipouliza, kaa kimya. Wewe unajua kukaa kimya, na safari hii nakuomba mimi mwenyewe.

Sindano zinaendelea, lakini sitakudanganya, daktari sasa ananiongelesha kwa upole. Habari itakapowafikia, mwambie kwamba tonton wa Bukavu amekufa. Baba analiliwa mpaka uzee, mimi bado namlilia wetu. Tonton analiliwa siku mbili tatu, kisha mtoto anatoka nje kucheza. Nakuomba hizo siku mbili tatu, basi. Zaidi ya hapo usimwache alie.

Adalbert